Kitenzi “provoke”: maana zake, matumizi yake, na mahali kinapotuponza

Kijana mmoja niliyekuwa nikimfundisha Kiingereza, anayetembeza wageni Nungwi, alikuja darasani amenyong'onyea, akanipa simu yake nisome. Mgeni wake, mama wa makamo kutoka Uingereza, alikuwa amemtania kwa ujumbe kwamba safari ya jana ilikuwa nzuri ila nahodha alisinzia kuliko abiria. Kijana akacheka, akataka kumjibu kama ambavyo angemjibu dada yake: “Wewe mchokozi kweli!” Akafungua kamusi ya simuni, akakuta kuchokoza ni “provoke”, akashuka mstari mmoja hadi kwenye kivumishi, akaandika: “You are very provocative.” Tiki mbili zikageuka buluu. Jibu halikuja.

Hakukosea tahajia wala sarufi, na kamusi haikumdanganya. Ila “provoke” na kuchokoza ni kama wasafiri wawili wanaopanda basi moja Ubungo, kisha mmoja akashuka Chalinze na mwingine akaendelea hadi Mbeya. Ukidhani wanaishi nyumba moja, utapotea. Mwongozo huu unakuonyesha wanaposafiri pamoja na wanapoachana. Chukua kalamu, maana mbele kuna mazoezi.

Hatua ya 1: Litamke kwanza

Kiswahili hutia mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, basi ulimi wetu hutaka kusema PRÓ-vok. Mwingereza akisikia hivyo hukunja uso kidogo kabla ya kuelewa. Mkazo uko mwishoni: pra-VÓUK. Silabi ni mbili tu, na ile “e” ya mwisho ipo kwa macho, haipo kwa masikio. Wakati uliopita ni “provoked”, nao ni silabi mbili vilevile: pra-VÓUKT. Usiseme pro-vo-ked.

Nomino ni “provocation”, mkazo kwenye silabi ya tatu: prova-KÉI-shan. Kivumishi ni “provocative”: pra-VÓ-ka-tiv, na “o” yake ni fupi. Angalia herufi: kitenzi kina “k”, nomino na kivumishi vina “c”. Katika karatasi ninazosahihisha, “provokation” hujitokeza kila muhula.

Hatua ya 2: Ione picha iliyo ndani ya neno

Wengi huruka hatua hii kwa kudhani ni mapambo ya wasomi. Usiiruke, kwa sababu hatua zinazofuata zimesimama juu yake.

“Provoke” limetoka kwenye Kilatini “provocare”. “Pro” ni mbele, “vocare” ni kuita. Ni kumwita mtu ajitokeze. Ndugu zake katika Kiingereza ni “evoke”, “invoke”, “revoke”, na hata “vocal”. Katika Roma ya kale kulikuwa na aina ya wapiganaji wa uwanjani walioitwa “provocator”, yaani mwenye kuwaita wenzake wapambane. Na raia wa Roma aliyehukumiwa na mkuu wa serikali alikuwa na haki ya “provocatio”: kuwaita wananchi waamue wao, tungesema kukata rufaa. Hasira haikuwa lazima iwemo. Kilichokuwemo ni sauti inayoita na mtu anayetoka. Mtaani tunaijua sauti hiyo bila Kilatini: “Kama wewe mwanamume, toka nje!”

Sasa geukia Kiswahili. Kuchokoza ni mtoto wa kuchokoa. Bahari ikipwa, wanawake wa Unguja na Pemba hutembea juu ya mwamba na kijiti au kipande cha chuma mkononi, wakichungulia matundu. Kijiti kikiingia, pweza hujikunja na kukishika, ndipo anapovutwa nje. Na ndiyo maana kuna ule msemo wa kanga: “Chokochoko mchokoe pweza, binadamu hutamuweza.”

Picha ni ileile: kuna kitu kimetulia ndani, na mtu wa nje anakitoa. Mlatini anatumia sauti, Mswahili anatumia kijiti. Tofauti iko katika macho. Kiingereza kinaweza kumtazama aliyemo shimoni, yaani mtu, au kukitazama kinachotoka, iwe hasira, kicheko, mjadala au machozi. Kuchokoza kwetu hutazama zaidi yule wa shimoni. Mtu huchokozwa, mbwa huchokozwa, nyuki huchokozwa. Malalamiko hayachokozwi, huzuka.

(Wanaohudhuria makongamano watanipinga, maana siku hizi kuna mtu anaitwa “mchokoza mada”, anayesimama mwanzoni kuwafungua wenzake midomo. Ni kweli, na nadhani aliyebuni jina hilo alikuwa ameionja “provoke a debate” mahali fulani. Lakini nje ya ukumbi sijasikia mtu akichokoza mada.)

Hatua ya 3: Uliza, baada ya kitenzi kuna mtu au kuna jambo?

Ukibeba hatua moja tu kutoka hapa, beba hii. Ukikutana na “provoke”, ruka hadi neno linalofuata.

Likiwa mtu au mnyama, kuchokoza kunakutosha karibu kila mara. “The boys were provoking the dog”: wavulana walikuwa wakimchokoza mbwa. “Don't provoke him”: usimchokoze. Hapa wale wasafiri wetu bado wamo ndani ya basi moja.

Likiwa jambo, achana na kuchokoza kabisa na utafute kitenzi kinachozoeana na jambo hilo. Kiswahili ni tajiri hapa kuliko Kiingereza, na mtafsiri mvivu huutupa utajiri huo kwa kuandika “kusababisha” kila mahali. “The speech provoked laughter”: hotuba iliibua vicheko. “The new fees provoked an outcry”: ada mpya zilizua malalamiko. “The article provoked a debate”: makala ilizusha mjadala. “The arrest provoked riots”: kukamatwa kwake kulichochea ghasia. “Dust can provoke an asthma attack”: vumbi linaweza kuamsha pumu. Kiingereza kimetumia kitenzi kimoja mara tano, sisi tumekuwa na kuibua, kuzua, kuzusha, kuchochea na kuamsha, na kila kimoja kina harufu yake. Kuzua kuna uchungu kidogo, kwa sababu mtu huzua pia uongo. Kuibua ni safi, kama mtu anayeibuka majini. Kuchochea kuna moto na kuni. Ukitafsiri, chagua kwa pua.

Sasa jaribio linalowasaidia sana wanafunzi wangu. Linganisha sentensi hizi mbili:

“He provoked me, but I kept quiet.”

“He enraged me, but I wasn't angry.”

Ya kwanza ni sawa. Alinichokoza, nikanyamaza. Ya pili inajipinga yenyewe, kwa sababu “enrage” haikamiliki mpaka ghadhabu ishuke. Mtu akifuatwa na “provoke”, neno linaeleza zaidi alichofanya yule mwenye kijiti, pweza anaweza kuamua kubaki tunduni mwake. Lakini jambo likifuata, matokeo yametokea tayari. Huwezi kusema “it provoked laughter” kama hakuna aliyecheka.

Neno la pembeni kwa wasomaji wa Bukavu, Goma, Bujumbura na kwingine ambako shule ilipitia Kifaransa. “Provoquer” ya Kifaransa hubeba mizigo mingi zaidi: breki mbovu zinaweza “provoquer un accident” na hakuna anayeshtuka. Ukiihamisha kwenye Kiingereza, “the brakes provoked an accident”, msikilizaji ataona kama breki zilimtukana dereva. Kwa Kiingereza sema “caused”. Kipimo changu ni hiki: kinachotoka lazima kiwe ni mwitikio, wa mtu, wa umati, wa mnyama au wa mwili. Mwili unaitika vumbi kwa pumu, bunge linaitika kauli kwa zogo. Tairi halimwitiki mtu, linapasuka tu.

Hatua ya 4: Funga sentensi vizuri

Kosa kubwa la Waswahili linatoka kwenye “kutia hasira”. Tunasema alinitia hasira, na vitu viwili vinakaa baada ya kitenzi bila ugomvi: mimi na hasira. Basi mwanafunzi anaandika “He provoked me anger.” Kiingereza hakikubali. Una njia tatu: “He provoked me” na ukome hapo, “He provoked me to anger”, au “His words provoked anger in me”. Na usiweke kihusishi kati ya kitenzi na mtu. “Provoke to me” na “provoke with me” hazipo.

Ukitaka kusema mtu alichokozwa mpaka akafanya jambo, kuna milango miwili. “Provoke someone to do something” na “provoke someone into doing something”. Zinakaribiana, lakini “into” ina kaharufu ka mtego, kama mtu aliyevutwa akaangukia ndani. Mfano ambao kila mpenda soka anaukumbuka ni fainali ya Kombe la Dunia, Berlin, tarehe 9 Julai 2006. Marco Materazzi wa Italia alimtupia Zinedine Zidane wa Ufaransa maneno, Zidane akageuka akampiga kichwa cha kifua, akaonyeshwa kadi nyekundu katika muda wa nyongeza, na Italia ikachukua kombe kwa penalti. Kiingereza husema: “Materazzi provoked Zidane into headbutting him.” Weka “to headbutt” na sentensi bado inasimama, lakini ule mtego umepotea.

Njia ya zamani ya “to” pamoja na nomino bado inaishi, na hakuna mahali pazuri pa kuiona kuliko Biblia. Katika tafsiri ya Kiingereza ya 1611, Waefeso 6:4 inawaambia akina baba: “provoke not your children to wrath”. Biblia ya Kiswahili ya Union ya 1952 inasema: “msiwachokoze watoto wenu”. Hesabu maneno. Ile “to wrath” imetoweka, na hakuna msomaji aliyewahi kuililia, kwa sababu kwetu ukisema kuchokoza hasira imeshahesabiwa.

Lakini fungua Waebrania 10:24 katika Kiingereza hichohicho: “let us consider one another to provoke unto love and to good works”. Kuchokozana kwenye upendo? Watafsiri wa Kiswahili hawakutega mguu hapo. Waliandika kuhimizana. Mzizi ulikuwa bado na maana yake ya kuita mtu ajitokeze, na kilichoitwa safari hii ni upendo. Kiingereza cha leo hakisemi hivyo tena. Ukimwambia mfanyakazi mwenzako “you provoke me to work hard”, atajiuliza amekukosea nini. Sema “you inspire me” au “you push me”.

Katika hali ya kutendwa, jifunze kipande kimoja kifupi: “when provoked”. Utakiona kwenye maelezo ya wanyama, kwa mfano “dangerous when provoked”. Kiswahili chake ni neno moja: akichokozwa. Watu huandika “wakati wanapokuwa wamechokozwa”, maneno matatu marefu kwa kazi ambayo “-ki-” inaifanya peke yake.

Hatua ya 5: Watambue majirani

Sitawapanga wote, wapo wengi mno. Nachukua wanaogongana mara kwa mara na “provoke”.

“Annoy” na “irritate” ni kero ya kawaida. Mlango unaolia “annoys”, na “irritate” inafaa pia ngozi inayowasha. Hakuna anayekuchokoza, unakereka tu. “Anger” kama kitenzi ni kukasirisha, bila chumvi. “Infuriate” na “enrage” ni kughadhibisha, mtu amevuka mpaka.

“Aggravate” kwa asili ni kufanya jambo liwe zito zaidi: “running aggravated the injury”, kukimbia kulitonesha jeraha. Katika mazungumzo watu huitumia pia kwa maana ya kuudhi, na wapo walimu wakali wanaoipiga vita maana hiyo mpaka leo. Kwenye mtihani, ibakize kwenye jeraha.

“Incense” nampenda kuliko wote. Kama nomino ni ubani, uleule unaofukizwa kwenye chetezo, na mkazo uko mbele: ÍN-sens. Kama kitenzi ni kuwasha mtu ghadhabu, mkazo nyuma: in-SÉNS. Yote mawili yanatoka kwenye kitenzi cha Kilatini cha kuwasha moto. Huonekana zaidi kwa kutendwa: “She was incensed.” Moshi umepanda.

“Antagonise” ni kumgeuza mtu awe adui yako, kazi ya polepole zaidi. Unaweza kumchokoza mtu mchana na jioni mkanywa kahawa pamoja barazani. Uki-“antagonise” mtu, kahawa hiyo hainyweki.

Na “incite”. Hapa simama, maana wengi huteleza. Zote mbili zinaweza kutafsiriwa kuchochea, lakini tazama mishale inaelekea wapi. Anaye-“provoke” mtu, kwa kawaida hasira humrudia yeye mwenyewe: nimekuchokoza, unanipiga mimi. Anaye-“incite” watu hujitoa pembeni, na kipigo kinamwangukia mtu wa tatu. Mahakama ya Kimataifa ya Jinai ya Rwanda, iliyokaa Arusha, ilimtia hatiani Jean-Paul Akayesu tarehe 2 Septemba 1998, na miongoni mwa makosa yake lilikuwamo la kuchochea mauaji ya kimbari moja kwa moja na hadharani. Kiingereza cha kosa hilo ni “incitement”. Ukiandika “provocation” hapo umegeuza kesi nzima kichwa chini, kana kwamba waliouawa ndio waliojitafutia.

Hatua ya 6: Jua kwamba neno hili linagawa lawama

Mtoto akishtakiwa kwa kumpiga mwenzake, jambo la kwanza kusema ni: “Yeye ndiye aliyenichokoza!” Hajakana kwamba amepiga. Amehamisha mwanzo wa hadithi. “Provoke” inafanya kazi hiyohiyo, na sheria imeichukua moja kwa moja. Katika Kanuni za Adhabu za Tanzania, Sura ya 16, vifungu vya 201 na 202, na za Kenya, Sura ya 63, vifungu vya 207 na 208, mtu aliyeua katika joto la hasira iliyotokana na “sudden provocation”, yaani uchokozi wa ghafla, kabla hasira haijapoa, hahesabiwi ameua kwa kukusudia. Anapatikana na kosa dogo kuliko hilo, la kuua bila kukusudia. Uzito uko kwenye neno “sudden”: ukichokozwa asubuhi, ukaenda nyumbani, ukala, ukanoa panga na kurudi jioni, umeshapoa. Uingereza, tulikoipata kanuni hiyo, wameshaiacha. Sheria yao ya 2009, iliyoanza kutumika tarehe 4 Oktoba 2010, iliondoa utetezi wa “provocation” na kuweka wa kupoteza uwezo wa kujizuia. Kwa hiyo ukisoma hukumu ya London ya karibuni hutaukuta, ukisoma ya Dodoma au Nairobi utaukuta.

Kugawa lawama si kuifuta. FIFA ilimfungia Zidane mechi 3, na Materazzi naye 2.

Turudi ofisini. Meneja amekuandikia barua pepe kali, umeumia, unataka kusema hivyo kwa adabu. Ukiandika “I was provoked by your email”, umemshtaki. Umesema alifanya kusudi, na pia umedokeza kwamba kitakachofuata si kosa lako, jambo ambalo hakuna meneja anayependa kulisoma saa mbili asubuhi. Niliwahi kuandika sentensi ya aina hiyo nilipokuwa kijana, na mkataba wangu wa tafsiri haukuongezwa. Siwezi kuapa kwamba ndiyo sababu, lakini leo ningeandika “I was upset by your email” au “I found your email upsetting”. Hapo maumivu ni yako na kusudi halijatajwa.

Kinyume chake ni “unprovoked”, na nguvu yake yote ni hiyohiyo: anayelitumia anatangaza kwamba hakuwa na kijiti mkononi. Tarehe 8 Desemba 1941, siku moja baada ya Pearl Harbor, Rais Franklin Roosevelt wa Marekani aliliita shambulio la Japani “unprovoked and dastardly”. Kiswahili: bila kuchokozwa. Ila redio zetu zikisema “uchokozi” wa nchi moja dhidi ya nyingine, mara nyingi wanamaanisha “aggression”, yaani mashambulizi yenyewe, wala si kijiti cha kabla yake. Ukitafsiri habari za vita, soma aya nzima kwanza.

Hatua ya 7: Kuwa mwangalifu na watoto wa neno

“Provocative” ina maana mbili. Ikiwa pamoja na kitabu, swali, kauli au picha, ni ya kuchokonoa fikra, ya kusudi, pengine ya kukera: “a provocative question”. Ikiwa pamoja na mtu, nguo, mkao au tabasamu, Mwingereza wa kawaida anasikia tamaa ya mwili. “A provocative dress” ni nguo ya kutamanisha. Sasa unaelewa kwa nini yule mama wa Nungwi alinyamaza.

Tatizo ni kwamba uchokozi wetu una upande wa utani ambao “provoke” haina. Shemeji akikunyakulia chapati ya mwisho sahanini huku anakutazama usoni, huyo ni mchokozi, na unasema hivyo ukicheka. Kiingereza cha utani huo ni “tease”. Lakini nako kuna shimo: “You are a tease”, ikiwa nomino, inarudi kulekule kwenye tamaa. Shika kitenzi: “You're teasing me!” Nilimwandikia kijana sentensi hiyo ubaoni, akaitazama muda mrefu, akauliza kama bado anaweza kuituma. Nikamwambia aombe radhi kwanza, kwa maneno machache, aseme Kiingereza kimempiga chenga.

“Provoking” peke yake, kwa maana ya mwenye kuudhi, imezeeka. Utaikuta kwenye riwaya za zamani. Inaishi zaidi ndani ya “thought-provoking”, na hapa Kiswahili kinashinda: maneno yao mawili na kistari, sisi tunasema tu kinachofikirisha.

“Provocateur” ni mtu ambaye uchokozi ni kazi yake, msanii au mwandishi anayeishi kwa kuwasha watu. Ikiambatana na “agent” mbele, inakuwa mtu aliyepandikizwa kwenye kundi, mara nyingi na vyombo vya dola, ili awashawishi wenzake wavunje sheria na wakamatwe.

Hatua ya 8: Fanya mwenyewe

Funika majibu kwa mkono. Tafsiri kwanza.

“Kauli ya waziri ilizua mjadala mkali.” The minister's remarks provoked a heated debate. Kama uliandika “provoked people a debate”, rudi hatua ya 4.

“Nyuki hawaumi mpaka wachokozwe.” Bees don't sting unless they are provoked. Maana yake si “until”. “Mpaka” hii ni ya sharti, si ya saa.

“Mvua ilisababisha mafuriko.” The rain caused flooding. Ukitumia “provoked” hapa, umeipa ardhi hasira.

“Walimchokoza hadi akajiuzulu.” They provoked him into resigning. Mtego upo, “into” inahitajika.

“Aliyelala usimwamshe, ukimwamsha utalala wewe.” Hii niliwapa kwa ukorofi wangu. Waingereza wana mbwa aliyelala kwa ajili ya maana inayokaribiana, “let sleeping dogs lie”, lakini ule mgeuko wa mwisho, kwamba wewe ndiye utakayelala, mbwa wao hana. Mwanafunzi mmoja aliandika: “Don't provoke a sleeping man.” Nilimpa nusu alama kwa sababu kijiti kimo, shimo limo, kilichokosekana ni kulala kwa mchokozi.

Na ya mwisho, ile ambayo mama kila mmoja huisema jikoni watoto wakianza: “Usinichokoze leo!” Karibu darasa zima liliandika “Don't provoke me today!” Sarufi haina dosari, lakini ni sauti ya mtu wa kwenye sinema aliyeshika bastola. Mama wa Kiingereza, mikono imejaa unga, husema maneno mawili tu, na kwa bahati nzuri yanafanana na yetu tunapomkatiza mtoto anayefungua mdomo: “Don't start.” Usianze.